Mzunguko wa Hedhi na Homoni Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali mengi kuhusu hedhi hutatuka mtu akishaelewa kwamba mzunguko una sehemu mbili zenye tabia tofauti: sehemu ya kwanza hurefuka na kufupika kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, na ya pili karibu haibadiliki. Majibu yafuatayo yanarejea hapo mara nyingi, kwa sababu ndipo hesabu za wengi zinapoharibikia.

Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku gani?

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile ambayo damu inaanza kutoka kwa kiasi cha kuhitaji pedi au kitambaa. Matone ya kahawia yanayoweza kutangulia kwa siku moja au mbili hayahesabiwi. Mzunguko humalizika siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Wapo wengi wanaoanza kuhesabu siku damu inapokatika, na kosa hilo husogeza hesabu yote kwa siku nne au tano, kiasi kinachotosha kabisa kuzifanya siku zinazodhaniwa kuwa salama ziwe ndizo siku za kushika mimba.

Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Siku 28 zinazotajwa kila mahali ni wastani tu. Mwanamke ambaye mwezi huu amepata siku 27, unaofuata 31 na wa tatu 29 hana tatizo lolote.

Ni homoni zipi zinazoendesha mzunguko, na zinatoka wapi?

Amri huanzia ubongoni. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya GnRH kwa vipindi, takriban kila baada ya dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na homoni hiyo hushuka hadi kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari nayo huingiza kwenye damu homoni mbili: FSH, ambayo huchochea ukuaji wa vijifuko vyenye mayai, na LH, ambayo husababisha yai lililokomaa litoke. Ovari zikipokea ujumbe huo hutengeneza estrojeni na projesteroni. Hizi mbili huuandaa mji wa mimba, na wakati huohuo husafiri kwenye damu kurudi ubongoni, ambako hupunguza au kuongeza amri zinazotoka huko.

Hilo la vipindi si jambo dogo. GnRH ikipatikana mfululizo bila kupumzika, pituitari huacha kuitikia na mzunguko husimama. Madaktari hulitumia jambo hilo kwa makusudi wanapotibu endometriosisi (ugonjwa unaoelezwa kwenye swali la maumivu hapa chini) au wanapotaka kusinyaza faibroidi, yaani uvimbe wa mji wa mimba, kabla ya upasuaji.

Nini hutokea kuanzia hedhi hadi yai kutoka?

Msichana huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapovunja ungo huwa amebakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote ni kama 400 tu yatakayotoka kwenye ovari. Mengine hufa kimyakimya.

Siku za mwanzo za hedhi, FSH huwa imepanda na kundi la vijifuko linakua. Vijifuko hivyo hutoa estrojeni pamoja na homoni nyingine iitwayo inhibini, na zote mbili huiamuru pituitari ipunguze FSH. FSH inapopungua, vijifuko vingi hukwama na kunyauka, na hubaki kimoja ambacho kina uwezo wa kuendelea kukua hata kwa FSH hiyo kidogo. Hicho hufikia upana wa karibu sentimita 2, na estrojeni yake hujenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba uliobomoka wakati wa hedhi.

Kinachofuata ndicho ninachokiona kuwa cha ajabu kuliko yote katika mzunguko huu. Kwa siku nyingi estrojeni huizuia pituitari, lakini ikipanda sana na kubaki juu kwa takriban saa 50, athari yake hugeuka: badala ya kuizuia, huichochea, na LH hupanda ghafla kwa kiwango kikubwa. Baada ya takriban saa 36 tangu LH ianze kupanda, kijifuko hupasuka na yai hudakwa na mrija wa uzazi. Kwa maneno mengine, siku ambayo yai litatoka haiamuliwi na kalenda. Huamuliwa na kijifuko chenyewe, pale kinapokuwa kimekua kiasi cha kutoa estrojeni ya kutosha.

Na baada ya yai kutoka?

Kijifuko kilichopasuka hakipotei papo hapo. Hugeuka kuwa tezi ya muda yenye rangi ya manjano, na kazi yake kuu ni kutoa projesteroni. Homoni hii huufanya utando wa mji wa mimba uwe na virutubisho vya kupokea kiinitete, huuongezea uzito ute wa mlango wa kizazi hadi mbegu za kiume zishindwe kupita, na huinua joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 za Selsiasi. Matiti kujaa na kuuma na choo kuwa kigumu katika siku hizi huhusishwa na homoni hiyohiyo. Wanawake wengine hupata pia hasira za haraka, huzuni au usingizi mbaya katika wiki ya mwisho. Hayo hutokana na jinsi ubongo wao unavyoitikia kupanda na kushuka kwa homoni, kwani vipimo vya damu vya wengi wao havina kasoro, na si haki kuyaita deko.

Tezi hiyo ya muda huishi kwa siku 12 hadi 14 kwa wanawake walio wengi. Mimba ikitungwa, kiinitete hutoa homoni ya hCG, ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha mkojo, na hCG huiamuru tezi iendelee kufanya kazi. Mimba isipotungwa, tezi hunyauka, projesteroni na estrojeni huporomoka kwa pamoja, na hedhi huanza.

Je, ni kweli kwamba yai hutoka siku ya 14?

Ni kweli kwa mzunguko wa siku 28, na hata hapo ni kwa makadirio. Kwa kuwa sehemu inayofuata yai kutoka ndiyo isiyobadilika sana, siku hiyo hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 24 yai lake hutoka karibu na siku ya 10. Mwenye siku 35, karibu na siku ya 21. Madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, ndio walioligundua jambo hili katika miaka ya 1920, kila mmoja kivyake. Kabla yao wapo matabibu waliowafundisha wanawake kwamba mimba hushika siku zilizo karibu na hedhi.

Tatizo ni kwamba ili kuhesabu kurudi nyuma ni lazima ujue hedhi ijayo itakuja lini, na hakuna anayejua kwa uhakika. Homa kali, safari ndefu, msongo wa mawazo au kupungua uzito kwa ghafla huweza kukichelewesha kijifuko kufika kiwango chake. Yai likichelewa kwa wiki moja, hedhi nayo itachelewa kwa wiki moja. Ndiyo maana hedhi iliyochelewa, kama hakuna mimba, mara nyingi ni habari ya yai lililochelewa wiki mbili zilizopita.

Basi siku za hatari ni zipi?

Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, na yai likishatoka huishi kwa saa 12 hadi 24 tu. Kwa hiyo dirisha la kushika mimba ni takriban siku 6: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe. Tendo la ndoa la siku mbili baada ya yai kutoka halina nafasi kubwa. La siku tatu kabla yake linayo.

Anayetumia kalenda hupaswa kuandika mizunguko yake ya angalau miezi sita, kisha apunguze 18 kutoka mzunguko mfupi kuliko yote na 11 kutoka ule mrefu kuliko yote. Tuseme mfupi ulikuwa wa siku 26 na mrefu wa siku 33. Ishirini na sita kutoa 18 ni 8. Thelathini na tatu kutoa 11 ni 22. Siku za hatari ni kuanzia ya 8 hadi ya 22, yaani siku 15 nzima, na mtu anayemwambia mwanamke huyu ajihadhari siku ya 13, 14 na 15 tu anampotosha.

Kwa wale ambao mizunguko yao haitoki nje ya siku 26 hadi 32, upo uzi wa shanga 32 unaorahisisha hesabu. Shanga nyekundu ni siku damu inapoanza, zile nyeupe 12 ni siku ya 8 hadi ya 19 ambazo mimba inaweza kushika, na zilizobaki ni za kahawia. Kipete cha mpira husogezwa shanga moja kila siku, na hedhi inayofuata ikianza hurudishwa kwenye ile nyekundu hata kama uzi haujaisha. Mwenye mzunguko unaotoka nje ya mipaka hiyo zaidi ya mara moja kwa mwaka atafute njia nyingine.

Je, mwili hutoa dalili zozote kwamba yai linakaribia kutoka?

Ndiyo, na dalili iliyo bora ni ute wa ukeni. Baada ya hedhi huwa hakuna ute, au upo mdogo na mzito wenye weupe. Estrojeni inapopanda, ute huongezeka, hulainika, na hatimaye huwa mwangavu kama ute wa yai bichi la kuku: ukiuweka kati ya kidole gumba na cha shahada na kuvitenganisha taratibu, huvutika sentimita kadhaa bila kukatika. Siku ya mwisho ya ute wa namna hiyo huwa karibu sana na siku ya yai kutoka. Ute wenye harufu mbaya, unaowasha au wenye rangi ya kijani si dalili ya yai; ni dalili ya maambukizi, nao unahitaji matibabu.

Joto la mwili, likipimwa asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, huonesha kwamba yai limekwisha kutoka. Mtu aliyekuwa akisoma nyuzi 36.3 au 36.4 ataanza kusoma 36.7, na hali itabaki hivyo hadi karibu na hedhi. Taarifa hiyo humfaa anayetaka kuthibitisha kwamba yai hutoka, lakini humfikia kwa kuchelewa yule anayepanga kukutana na mwenzi wake ili apate mimba. Vipo pia vijiti vya kupima LH kwenye mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Hivi hutangulia tukio kwa siku moja hivi.

Kwa nini hedhi huuma?

Projesteroni inapoporomoka, utando wa mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi hubana mishipa midogo ya damu na kuufanya msuli wa mji wa mimba ujikaze ili kusukuma nje utando uliobomoka. Zikizidi, msuli hujikaza hadi ukakosa hewa ya oksijeni ya kutosha, na hapo ndipo maumivu ambayo wengi huyaita chango yanapotokea. Zinapoingia kwenye damu huleta pia kichefuchefu na kuharisha.

Dawa kama ibuprofeni huzuia utengenezaji wa prostaglandini zenyewe, na kwa sababu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa maumivu yanapoanza tu, zikinywewa pamoja na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizitumie bila kumwona daktari. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo husaidia kweli. Lakini maumivu yanayomlaza mtu kila mwezi hadi akose shule au kazi, yanayozidi mwaka hadi mwaka, au yanayoambatana na maumivu wakati wa tendo la ndoa, yachunguzwe: huenda ni endometriosisi, hali ambayo tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake na kuitikia homoni zilezile. Kumwambia binti wa namna hiyo kwamba akizaa yatakwisha ni kumchelewesha tu.

Damu kiasi gani ni nyingi kupita kiasi?

Kwa kawaida damu ya hedhi nzima ni kama mililita 30 hadi 40. Ikizidi 80 huhesabiwa kuwa nyingi. Kwa kuwa hakuna anayepima kwa chupa, dalili za kuangalia ni kulowesha pedi kila baada ya saa moja au mbili, kuamka usiku kubadilisha, kutoa mabonge makubwa, au kutoka damu zaidi ya siku 7. Faibroidi ni sababu ya kawaida, hasa kwa wanawake wenye umri wa miaka 30 na 40. Sababu nyingine ni mizunguko isiyotoa yai, ambamo estrojeni huujenga utando wiki baada ya wiki bila projesteroni ya kuutuliza, hadi ubomoke ovyo. Mwenye hali hii apimwe wingi wa damu, na akipewa vidonge vya madini ya chuma asivinywe na chai, kwa maana chai huzuia madini hayo yasifyonzwe. Juisi ya chungwa au ndimu huyasaidia.

Hedhi imechelewa na kipimo cha mimba hakioneshi kitu. Ni nini?

Rudia kipimo baada ya wiki moja, kwani kama yai lilichelewa, mimba nayo huenda bado ni changa mno kuonekana. Kisha fikiria yaliyotokea mwezi huo. Mwili usiopata chakula kinacholingana na kazi yake hupunguza GnRH kutoka ubongoni, na hilo huwapata wanaojinyima kula ili wapungue na pia wanariadha wa mbio ndefu wanaofanya mazoezi mazito. Kukosa hedhi kwa miezi kunadhoofisha mifupa yao, na makocha wanaolichukulia kuwa ishara ya mazoezi mazuri wanakosea. Matatizo ya tezi ya shingo, homoni ya prolaktini kupanda, na hali ya ovari kuwa na vijifuko vingi visivyokomaa, ambayo mara nyingi huja na chunusi na nywele za kidevuni, ni sababu nyingine. Siku 90 bila hedhi zinatosha kumpeleka mtu kituo cha afya.

Njia za uzazi wa mpango huufanya nini mzunguko?

Vidonge vya homoni mbili huzituliza FSH na LH, hivyo hakuna kijifuko kinachokomaa. Damu inayotoka wakati wa kumeza vile vidonge 7 vya kahawia, ambavyo aghalabu ni vya madini ya chuma tu, hutokana na kukatizwa kwa homoni za kidonge, wala haioneshi kwamba yai lilitoka.

Sindano ya miezi mitatu huzuia yai na hufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba, kiasi kwamba baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya watumiaji hawaoni hedhi kabisa. Damu haijajificha mahali wala haiendi kichwani, haikutengenezwa. Uwezo wa kushika mimba hurudi, ila polepole, kwa wastani karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Vijiti vya mkononi huleta matone yasiyo na ratiba kwa sababu mishipa ya utando huo mwembamba ni dhaifu. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hivyo mzunguko huendelea kama ulivyokuwa, ingawa damu na maumivu huweza kuongezeka miezi ya mwanzo.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, huchelewesha yai lisitoke. Ikimezwa LH ikiwa imekwisha kupanda, haina msaada mkubwa, na mimba iliyokwisha kujishika haiharibu. Hedhi inayofuata huweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa.

Vidonge vya kuahirisha hedhi wakati wa Ramadhani au Hija hufanyaje kazi?

Vingi ni norethisteroni, dawa inayofanana kikazi na projesteroni. Huanzwa kwa kawaida siku 3 kabla ya hedhi inayotarajiwa, na maadamu vinaendelea kumezwa, kuporomoka kwa homoni kunakoanzisha damu hakusikiki kwenye utando. Hedhi huja siku 2 au 3 baada ya kuviacha. Havizuii mimba kwa matumizi hayo, na aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa asivitumie. Kama inafaa kisheria kuahirisha au la ni suala la kuwauliza masheikh. Kwa upande wa dawa, amwone mtoa huduma wiki mbili kabla, asisubiri usiku wa kuamkia safari.

Ninanyonyesha na sijaona hedhi. Je, siwezi kushika mimba?

Unyonyaji wa mara kwa mara huzuia vipindi vya GnRH. Kinga hiyo hutegemewa kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hanyweshwi wala kulishwa kingine, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine mara moja, kwani yai la kwanza huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza.

Je, wanawake wanaoishi pamoja hedhi zao hulingana?

Wazo hilo lilipata nguvu kutokana na utafiti wa Martha McClintock wa mwaka 1971, lakini tafiti zilizofuata hazikuliunga mkono. Mizunguko yenye urefu tofauti hukutana na kuachana yenyewe.

Binti yangu amevunja ungo mwaka jana na hedhi yake haina mpangilio. Ana tatizo?

Pengine hana. Katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, ubongo bado haujazoea kuitikia estrojeni kwa kuipandisha LH, kwa hiyo miezi mingi hupita bila yai. Mizunguko ya hadi siku 45 inakubalika katika umri huo. Apelekwe hospitali akitokwa na damu nyingi, au akifika miaka 15 bila kuona hedhi kabisa.

Hedhi hukoma lini, na je, damu inaweza kurudi?

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Miaka michache kabla ya hapo, vijifuko vilivyobaki huwa vichache na haviitikii vizuri; FSH hupanda kuvilazimisha, mizunguko kwanza hufupika kisha huruka miezi, na joto la ghafla usoni na jasho la usiku huanza. Katika kipindi hicho mimba bado inawezekana. Damu yoyote inayotoka baada ya miezi 12 hiyo kutimia, hata ikiwa ni tone moja kwenye nguo ya ndani, haihesabiwi kuwa hedhi: mwanamke aende hospitali akapimwe mlango wa kizazi na kufanyiwa ultrasaundi ya mji wa mimba, wiki hiyohiyo.